Gari Tulilolilinda Njia ya Kimbiji

Mwanangu Sabra,

Sikuulizi hali, maana hali yako naisikia kupitia ukutani. Unavuta zipu ya begi kubwa, haifungi, unaguna, unatoa nguo moja, unavuta tena. Baba yako yupo msikitini, na akitoka huko atapita barazani kwa wenzake, kwa hiyo nimepata nafasi ya kukaa mezani bila mtu wa kuniuliza naandika nini. Mambo ya kula na kulala sikuandikii. Una kazi yako, una akili zako, na Songea si mwezini. Nakuandikia kuhusu lile gari.

Jumapili mlirudi kutoka kwenye uzinduzi, wewe na baba yako, mmevaa kofia zenye jina la kampuni, mnacheka kama watoto waliotoka kwenye bembea. Ukanionyesha video kwenye simu: pazia linaanguka, moshi unatoka, muziki unapigwa, na mabinti wawili wamesimama kushoto na kulia kwa gari kama wapambe wa bibi harusi. Ukaniambia, "Mama, hii ni modeli mpya kabisa. Naweza kuwa mtu wa kwanza kuipeleka Songea." Kisha tukiwa tunakula ukaniuliza kwa upole, kama unavyoniulizaga tangu mdogo, "Mama, ninunue sasa au nisubiri?"

Kabla sijafungua mdomo baba yako akadakia. "Anunue! Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako."

Niliinuka nikaenda jikoni. Ulidhani nimefuata pilipili. Nilisimama nimeshika sinki, kama mtu aliyefunua sufuria akakuta mchuzi uliovunda. Hukunichefua wewe. Kilichonichefua ni ile sentensi ya baba yako, na ile raha aliyokuwa nayo usoni wakati anaisema.

Kesho yake ukaniletea hati ya kiwanja cha Kimbiji, kile alichokuandikisha baba yako kutoka kwenye urithi wake. Ukasema utakiuza ununue gari. Mnunuzi atakuja Jumamosi, wewe utakuwa umeshaondoka, kwa hiyo nimpokee mie, nimkabidhi, yaishe. Nikaichukua, nikaiweka kabatini. Sikusema kitu. Kunyamaza huko ndiko kumenikalisha mezani leo, maana nishawahi kunyamaza mbele ya gari jipya, na najua kulitufikisha wapi.

Unajua kwamba tuliwahi kuwa na gari jipya. Unalikumbuka kidogo, la rangi ya fedha. Unajua pia kwamba siku aliyozikwa babu yako Seif gari liliharibika njiani tukachelewa. Hivyo ndivyo tulivyokuambia, na wewe umewasimulia watu hivyo hivyo. Wala si uongo, gari liliharibika kweli. Ila hatukuchelewa kwa sababu liliharibika.

Nianze mwanzo. Wakati huo duka la vifaa vya ujenzi hapa Temeke lilikuwa la baba yako na mdogo wake, ami yako Mbarak. Walikuwa na pikapu moja, mlango wa abiria umefungwa kwa waya, ukitaka kushuka unapitia dirishani au unamsubiri dereva aje akufungulie kwa koleo. Pikapu ile ilibeba mabati, saruji, wagonjwa, maharusi. Haikuwa na uzuri wowote, na hakuna aliyeionea haya, mpaka siku baba yako alipoona tangazo la modeli mpya.

Sijui nikuelezeje alivyobadilika. Alikata lile tangazo akalibandika dukani, juu ya makopo ya rangi. Akaenda kwa wauzaji mara ya kwanza kuangalia, mara ya pili kuangalia, mara ya tatu akanichukua na mie. Kijana aliyetupokea alikuwa na tai, na meno mengi. Kila tulichouliza alijibu kwa kucheka. Mbarak, ambaye tulikwenda naye, akauliza, "Vipuri vyake vinapatikana wapi?" Yule kijana akasema, "Mzee, gari jipya haliharibiki." Mbarak akamwambia baba yako pembeni, "Braza, tungoje mwaka mmoja. Wacha wengine waliendeshe, tusikie wanasemaje." Baba yako akamjibu kwa sauti ambayo kila mtu mle ndani aliisikia: "Wewe ngoja. Ndiyo maana utakufa na pikapu."

Na mie, mama yako, nilicheka. Nilicheka pamoja na yule kijana wa meno.

Basi likaja nyumbani. Viti vilikuwa bado vimevalishwa nailoni, na baba yako akakataa katakata isitolewe. Miezi na miezi tulikaa juu ya nailoni. Jua la Dar unalijua. Ukikaa, mapaja yanagandana nayo. Ukiinuka, inakubandua kama plasta. Ndani kulinuka nailoni, jasho na manukato ya kutundika kwenye kioo, harufu tamu ya kukaba koo. Wewe ulikuwa na miaka mitano na gari lilikuwa linakuchefua. Siku moja, maeneo ya Tandika, ukatapika. Baba yako akasimamisha gari, akashuka mbio, akafungua mlango wa nyuma, akatoa kitambaa, akaanza kufuta kiti. Ulikuwa umekaa pale pale, matapishi kidevuni, umeinua mikono ili usiguse kitu, unamwangalia. Alipomaliza kiti ndipo akakufuta wewe, kwa kitambaa kile kile.

Niliiona ile, Sabra. Nikasema moyoni, huyu mtu ana nini? Kisha nikarudi kukaa mbele, nikashusha kioo ili wapita njia wanione.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa starehe yangu. Majirani waliokuwa hawatusalimii walianza kutusalimia kutoka ng'ambo ya barabara. Wanawake walinijia kuniomba gari la kubebea bibi harusi, wakawa wananiita dada. Nilijua kabisa wanaliita gari, hawaniiti mie, na bado niliitika. Nikikumbuka nilivyokuwa naitika, na ile sauti yangu ya puani, najichukia.

Babu yako Seif alifariki alfajiri, huko huko Kimbiji alikokuwa akiishi na minazi yake. Mbarak ndiye aliyepata habari. Akaja na pikapu, nyuma amepakia shangazi zako na wazee wa mtaa, na sanda ameiweka mbele, kwenye mfuko wa dukani. Alikuwa analia waziwazi. Akamwambia baba yako, "Braza, panda twende. Watu wanakusubiri wewe."

Baba yako akasema, "Tangulieni. Nakuja na gari langu."

"Kule mchanga, braza."

"Kwani hili limetengenezwa kwa barafu?"

Mbarak hakubishana. Akasema atatungoja Kongowe ili tuingie pamoja, kwa sababu si vizuri mtoto mkubwa kufika nyuma ya wadogo zake. Akaondoka. Nami nilikuwa nimeshavaa baibui, nimekushika mkono, nikijua tunakwenda moja kwa moja. Hatukwenda moja kwa moja. Baba yako alipita kwanza mahali pa kuoshea magari.

"Lina vumbi," alisema. "Watu wote wa Kimbiji watakuwepo pale."

Nilikaa kwenye benchi nimekupakata, nikaangalia povu linavyoteremka kwenye vioo. Vijana waliokuwa wanaosha walikuwa wanaimba. Baba yako alikuwa anawaelekeza: hapa bado, rudia rimu, usitumie kitambaa hicho. Macho yake yalikuwa mekundu, alikuwa amelia kweli alfajiri, sitamsingizia. Lakini machozi hayajamkauka alikuwa ameinama anakagua rimu. Mie ningeweza kusema neno. Ningesema tu, "Baba Sabra, baba yako amekufa." Nilinyamaza kwa sababu nami nilikuwa nayaona macho ya wanawake wa ukoo pale Kimbiji, wanatuangalia tunavyoshuka.

Tulimkuta Mbarak Kongowe, amesimama nje ya pikapu, anatazama barabara. Akatutazama, akalitazama gari linavyong'aa na maji bado yanadondoka chini ya milango. Akaelewa. Akapanda akaongoza njia.

Lami ilipoisha likaanza kulia. Kwanza taa moja ndogo ya manjano ikawaka mbele ya usukani. Baba yako akasema hiyo si kitu. Kisha zikawaka nyingine. Kisha gari likapiga kishindo chini, kama mtu aliyejikwaa, likasimama katikati ya mchanga. Gia ikagoma kutoka pale ilipo. Hata kulisukuma haikuwezekana, magurudumu yalikuwa yamezama mchangani. Ndani kulikuwa na sauti ya mwanamke wa kizungu inayorudia jambo moja kwa adabu, na hakuna aliyejua namna ya kumnyamazisha.

Pikapu ikarudi. Mbarak akashuka, akainama, akaangalia chini, akainuka.

"Panda twende," akasema. "Hapa si mbali tena. Adhuhuri inakaribia."

Baba yako alikuwa ameshika simu. "Nimewapigia wauzaji wenyewe. Wanamtuma fundi. Anakuja sasa hivi."

"Braza, fundi atalikuta. Panda."

"Nani atabaki nalo?"

Mbarak akamwangalia kama hakusikia vizuri. "Nini?"

"Nauliza nani atabaki nalo? Huku wataling'oa taa zote. Tutarudi tukute bodi tupu."

Na mie nikasema, "Kweli, na vioo pia."

Hayo ni maneno yangu, mwanangu. Nimeyasikia tena na tena miaka yote hii, nikichambua mchele, nikitawadha, nikikusuka nywele. Shangazi zako walikuwa nyuma ya pikapu wanasikia. Mmoja wao akajifunika uso kwa mtandio. Mie nilidhani analia kwa ajili ya babu. Leo sina uhakika.

Mbarak akasema taratibu, "Baba anakusubiri." Hakusema maiti, alisema baba.

"Tangulieni," baba yako akajibu. "Nitawakuta. Waambieni wanisubiri."

Wakaondoka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nafasi kwenye pikapu ilikuwepo, njia ilikuwa inapitika, na hata kwa miguu tungefika. Tulibaki kulinda gari.

Jua likapanda. Ulikula biskuti ukazimaliza, ukaomba maji, ukaniuliza kama babu atakuwa amekwisha kuamka tukifika. Nilikuambia ulale. Fundi hakuja. Baba yako alipiga simu tena, akaambiwa yupo njiani, akapiga tena, simu haikupokelewa. Upepo ukawa unaleta vumbi. Akatoa leso mfukoni akaanza kufuta boneti, polepole, kwa mduara, kisha milango, kisha vioo vile vile nilivyovitaja mie. Saa ile ile, huko Kimbiji, wanaume wengine walikuwa wanamwosha baba yake.

Nilishuka nikaenda kutapika kichakani. Nilimwambia ni joto.

Walimsubiri, Sabra. Baadaye shangazi yako aliniambia walivyomsubiri. Swala ya Adhuhuri ikapita, jeneza lipo barazani, kila chombo kinachosikika kwa mbali watu wanainua shingo. Imamu akasema maiti hacheleweshwi. Mbarak akaomba kidogo tena, na kidogo tena, mpaka wazee wakamshika bega.

Alirudi kwetu jua limeshalala upande. Alikuwa na udongo kwenye kanzu, magotini na mikononi, na mwingine kwenye ndevu. Akatembea mpaka alipo baba yako akasimama.

"Tumemaliza," akasema. "Nimeshuka kaburini mie."

Nilimngoja mume wangu. Nilisema, sasa ataanguka chini, atamshika ndugu yake, atalia, na huu uchafu wote utaoshwa na hicho kilio. Baba yako akaliangalia gari, akamwangalia Mbarak.

"Una kamba?" akamuuliza.

Mbarak alikuwa nayo. Akaenda akaitoa nyuma ya pikapu, akamkabidhi mkononi. Kabla ya siku ile alikuwa akimwita "braza". Sikiliza vizuri akija Idi: anamwita kwa jina lake, Abeid. Wewe umekua ukiisikia hiyo ukaona ni kawaida. Si kawaida. Ilianzia pale, kwenye kamba.

Na bado sijafika kwenye kinachonitia kichefuchefu kuliko vyote. Watu waliotoka mazikoni wakaanza kupita, kwa miguu na kwa baiskeli. Wakasimama kutupa pole. "Poleni kwa msiba. Mungu amlaze pema." Kisha macho yao yakahama. Wakaanza kulizunguka gari. "Ndilo lenyewe hili, jipya?" Mzee mmoja, udongo wa kaburi la baba mkwe wangu bado upo kwenye kucha zake, akaingiza kichwa dirishani akavuta pumzi. "Linanukia!" akasema. Na baba yako, Sabra, baba yako akamfungulia mlango ili aone vizuri ndani. Akaanza kumweleza. Hiki ni cha baridi. Hiki unabonyeza hivi.

Nilikubeba nikaenda kukaa kwenye pikapu ya Mbarak, kando ya mfuko wa dukani uliokuwa na sanda, sasa mtupu. Ndiyo safari yangu ya mwisho ya kujivunia gari.

Yaliyofuata ni ya kuchosha. Gari lilivutwa mpaka kwa fundi mmoja Manzese, kwa sababu wauzaji walisema kifaa kilichokufa hakipo nchini, kiagizwe. Kikaagizwa. Hakikuja. Yule fundi alikuwa hajawahi kuona gari la aina ile, na kama fundi yeyote aliyebanwa, aliona aibu kusema hajui. Akalifungua ili ajifunze. Nilikwenda siku moja kufuata viatu vyako vilivyosahaulika ndani. Nailoni ilikuwa bado ipo kwenye viti, imeoza imekuwa ya manjano, na panya walikuwa wameitoboa wakazalia ndani ya kiti cha nyuma. Harufu ya mkojo wa panya ilinipiga usoni. Kwenye kile kiti cha mbele, mahali nilipokuwa nakaa nimeshusha kioo, mtu alikuwa amelala akaacha mabaki ya dagaa. Viatu nilivipata, vimetafunwa. Nikavitupa mtaroni.

Mwaka uliofuata ile kampuni ikatoa gari lile lile, sura ile ile, lakini kasoro ile wameiondoa. Waliijua kutoka wapi? Kutoka kwetu. Kutoka kwa sie tuliowahi. Sie ndio tuliokuwa jaribio, na tulilipia kwa furaha kuwa jaribio. Mbarak alikuja kununua la namna hiyo baadaye sana, limeshatumika, la mtu mwingine, na analo mpaka leo. Ndilo lililokupeleka chuo.

La kwetu liliishia kukatwa kwa gesi likauzwa chuma chakavu, kwa kilo, kama mchele. Baba yako hakwenda kuangalia. Nilikwenda mie. Nilitaka kufurahi, na nikafurahi, na furaha yenyewe ilikuwa chungu mdomoni.

Sasa nisikilize jambo jingine, maana sitaki udhani nakuandikia kwa chuki za zamani tu. Jana nilipokuambia nakwenda Kariakoo kutafuta shuka zako, nilianza kwa hao wauzaji wako. Nilitaka nilione kwa macho yangu. Kijana mmoja akanijia mbio, ananiita mama mkubwa. Nikamwambia, mwanangu analitaka gari hili, lakini anahamia Songea.

"Atalifurahia, mama. Atakuwa wa kwanza."

"Likiharibika kule atalipeleka wapi?"

Akacheka. "Gari jipya haliharibiki, mama."

Wallahi nilitaka kumwangalia vizuri kinywani, nione kama ni meno yale yale. Nikamuuliza, "Wewe mwenyewe ukiwa na uwezo, ungelinunua sasa au ungengoja?" Akageuza shingo kuangalia bosi wake yuko wapi, akainama kidogo. "Ningengoja, mama," akasema. Kisha akanyooka, akarudisha tabasamu lake, akanifungulia mlango. "Karibu ukae, ulionje."

Nikakaa. Na nitakuambia ukweli wote. Ni gari zuri. Kiti kilinipokea mgongo kama kilikuwa kinanijua. Niliweka mikono kwenye usukani, mie ambaye sijui hata kuendesha, nikajiona kwenye kioo. Nikaona shingo yangu imeinuka. Nikasikia ile sauti ya puani inapanda yenyewe kooni, baada ya miaka yote hii, kama mdudu aliyekuwa amelala tu. Nilishuka haraka mpaka nikakwaruza goti. Haya mambo hayafi ndani ya mtu, Sabra. Hayajakufa ndani yangu, kwa hiyo sikulaumu wewe hata chembe.

Leo asubuhi, ulipotoka kuwaaga rafiki zako, nilimbana baba yako akinywa chai. Nilikuwa nimejaa. Nilimwambia, "Huna haya? Wewe, kati ya watu wote, ndiye wa kumwambia mtoto anunue? Auze na kiwanja cha baba yako?" Nilitegemea anikaripie. Aliweka kikombe chini.

Akasema, "Nikimwambia asinunue, ataniuliza kwa nini."

Ndivyo alivyosema. Akainuka akaenda kukaa nje. Nilikuwa nimemchukia tangu Jumapili, na kwa kweli nimemchukia kidogo kidogo tangu ile leso kwenye boneti. Chuki haijaondoka yote. Lakini nilimwangalia kupitia wavu wa dirisha, mzee yule na mgongo wake, nikajua kwamba amebaki kule njiani siku zote hizi. Sie tulirudi nyumbani, yeye hajarudi. Kwa hiyo ukisoma hii usimuulize chochote. Umeshajibiwa. Akikupigia simu, msalimie vizuri, mwambie shikamoo baba, mwulizie mgongo.

Uliniuliza ninunue au nisubiri. Subiri. Sikukatazi gari. Songea ni mbali, mvua yake si mchezo, na mwanamke mwenye kazi yake anahitaji usafiri wake. Lakini subiri mpaka uone modeli hiyo imechafuka. Subiri uione kwa fundi wa huko huko, imefunguliwa, imejaa matope, na fundi anaifunga bila kuogopa. Wacha hao wenye haraka wakugundulie ubovu wake. Na siku utakapochagua, chagua gari ambalo likikukatikia njiani, na kuna mtu wako anakungoja mbele, utalipiga mlango ukaliacha na taa zake na vioo vyake, ukaenda. Kama unaona hutaweza kuliacha, hilo usilinunue, hata likiwa na bei ya bure.

Mnunuzi wa kiwanja nimempigia, nimemwambia asije Jumamosi. Hati nimeitoa kabatini, nitaiweka kwenye begi lako pamoja na barua hii, chini ya shuka. Ni mali yako, sina ruhusa ya kukuzuilia. Ila mie sitakuuzia. Ukitaka kukiuza, utapanda basi uje mwenyewe, nami nitakusindikiza Kimbiji, na mnunuzi tutamkuta huko. Utatembea naye umwonyeshe mipaka, kama inavyotakiwa. Upande wa bahari kuna minazi ya jirani, hiyo ataiona bila kuelekezwa. Upande wa pili mpaka ni kaburi la babu yako. Huo utamwonyesha wewe, kwa kidole chako.

Mama yako